Kadi mbili za michoro katika michezo yenye modi

Kadi mbili za michoro ni mpangilio wa kompyuta ambamo kadi mbili za kuchora picha huwekwa kwenye ubao mama mmoja ili zisaidiane kuendesha mchezo wa video. Mpangilio huu ulienea kuanzia mwaka 2004, kwa jina la SLI katika kadi za kampuni ya Nvidia na kwa jina la CrossFire katika kadi za ATI, kampuni iliyonunuliwa na AMD mwaka 2006. Tangu mwaka 2021 hivi umeachwa karibu kabisa katika michezo.

Swali la kuongeza kadi ya pili liliwahusu hasa wachezaji wanaotumia modi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe ili kubadili sura, sauti au kanuni za mchezo. Modi huweza kuufanya mchezo wa zamani uwe mzito kuliko mchezo mpya, na kadi ya pili ilionekana kuwa njia rahisi ya kupata nguvu maradufu. Hata hivyo kadi hiyo huongeza nguvu ya kuchora tu. Haiongezi kumbukumbu ambayo mchezo unaweza kutumia, wala haiongezi kasi ya prosesa kuu, ilhali hivyo viwili ndivyo vinavyolemewa na modi nyingi.

Historia

Kampuni ya 3dfx ya Marekani ilianza kuuza kadi ya Voodoo2 mwaka 1998. Kadi mbili za aina hiyo ziliweza kuunganishwa kwa waya mfupi, moja ikachora mistari witiri ya skrini na nyingine mistari shufwa. Njia hiyo iliitwa SLI. Kwa kadi moja mchezo wa pande tatu ulionyeshwa kwa pikseli 800 × 600. Kwa kadi mbili ulifika 1024 × 768. Picha za nyuso za vitu zilipaswa kuhifadhiwa katika kila kadi, kwa hiyo tangu mwanzo nafasi ya kuhifadhi picha hizo haikuongezeka.

Nvidia ilipata sehemu kubwa ya mali za 3dfx kwa makubaliano ya Desemba 2000. Mwaka 2004 ililirudisha jina la SLI pamoja na kadi za GeForce 6 zilizotumia sloti za PCI Express. Herufi zilibaki zilezile, lakini maana yake na ufundi wake vilibadilika. ATI ilijibu kwa CrossFire mwaka 2005. Baadaye zilitoka pia kadi moja zenye prosesa mbili za michoro ndani yake, kama vile GeForce GTX 690 ya mwaka 2012 na Radeon R9 295X2 ya mwaka 2014.

Mvuto wa mpangilio huu ulikuwa pia wa kifedha. Mchezaji asiyeweza kununua kadi kubwa aliweza kununua kadi ya kati, kisha kuongeza nyingine ya aina ileile baada ya mwaka mmoja au miwili, bei yake ikiwa imeshuka au ikipatikana iliyotumika.

Jinsi kadi zinavyogawana kazi

Njia iliyotumika zaidi katika SLI na CrossFire ni kuchora fremu kwa zamu. Fremu ni picha moja kamili ya mchezo. Macho huona mwendo kwa sababu fremu nyingi hupita kila sekunde. Kadi ya kwanza huchora fremu ya kwanza, ya pili huchora fremu ya pili, kisha ya kwanza huchora ya tatu, na kuendelea. Kadi moja ikiweza kuchora fremu 30 kwa sekunde, mbili zingeweza kufikia 60.

Idadi hiyo maradufu hupatikana mara chache. Fremu nyingi hutumia matokeo ya fremu iliyotangulia, kwa mfano ili kulainisha kingo za vitu au kuonyesha mwangaza unaobadilika taratibu. Hapo kadi ya pili hulazimika kusubiri data kutoka kwa kadi ya kwanza. Kadiri kusubiri kunavyoongezeka, ndivyo faida inavyopungua. Katika michezo mingine kadi mbili zilikwenda polepole kuliko kadi moja.

Zaidi ya hayo, kuchora kwa zamu hakufupishi muda wa kuandaa fremu moja. Kadi inayohitaji milisekunde 33 kwa fremu itaendelea kuzihitaji, hata kama fremu mbili zinaandaliwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwendo huonekana laini zaidi, lakini muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo haupungui kwa kiwango ambacho idadi ya fremu inaonyesha.

Kumbukumbu haijumlishwi

Kosa la kawaida katika uamuzi huu ni kujumlisha kumbukumbu za kadi. Kwa kuwa kila kadi huchora fremu nzima, kila moja lazima iwe na nakala yake ya vitu vyote vinavyoonekana. Kadi mbili zenye GB 4 kila moja huupa mchezo GB 4, si GB 8. GeForce GTX 690 ilitangazwa kuwa na GB 4, lakini kila prosesa yake ya michoro ilikuwa na GB 2, na hizo ndizo mchezo ulizoweza kutumia.

Jambo hili ni zito kwa modi kwa sababu modi zinazopendwa zaidi ni zile zinazobadili tekstura, yaani picha zinazofunika nyuso za kuta, mawe, nguo na miili. Tekstura yenye pikseli 2048 kwa 2048, ikibanwa kwa baiti moja kwa pikseli, huchukua MB 4. Ikipandishwa hadi 4096 kwa 4096 huchukua MB 16, yaani mara nne, ingawa upande umeongezeka mara mbili tu. Nakala ndogo za tekstura hiyo zinazotumika kwa vitu vilivyo mbali huongeza theluthi moja, hivyo jumla hufika MB 21 hivi. Kitu kimoja kwa kawaida huwa na tekstura mbili au zaidi: moja ya rangi na nyingine ya kuonyesha mabonde na matuta ya uso wake. Vitu 100 vyenye tekstura mbili kila kimoja kwa kipimo hicho huzidi GB 4.

Kumbukumbu ya kadi ikijaa, data hulazimika kuletwa kutoka kumbukumbu ya kompyuta kupitia sloti, njia iliyo polepole zaidi. Mchezaji huona picha ikiganda kwa muda mfupi anapogeuka au anapoingia eneo jipya. Kadi ya pili haiondoi hali hiyo, kwa sababu nayo hujaa kwa wakati uleule.

Mfano wa Skyrim

The Elder Scrolls V: Skyrim, mchezo wa Bethesda Game Studios uliotoka tarehe 11 Novemba 2011, ni kati ya michezo iliyotengenezewa modi nyingi zaidi. Unaonyesha vizuri namna modi zinavyogawanyika kulingana na sehemu ya kompyuta zinayoilemea.

Kundi la kwanza ni modi za tekstura, ambazo hutumia kumbukumbu ya kadi kama ilivyoelezwa hapo juu.

Kundi la pili ni modi zinazoongeza vitu: nyasi nene, miti, nyumba, watu na wanyama, au mandhari ya mbali. Kabla ya kadi kuchora kitu, prosesa kuu huandaa na kutuma amri ya kukichora. Vitu vikiwa maelfu, prosesa kuu huchelewa kutuma amri, na kadi hukaa bila kazi. Vivuli huzidisha mzigo huo, kwa kuwa vitu huchorwa tena kwa ajili ya kila chanzo cha mwanga chenye kivuli. Modi zenye skripti nyingi, kwa mfano zinazofuatilia njaa, baridi au mienendo ya watu wa mchezo, pia huendeshwa na prosesa kuu. Katika kundi hili kadi ya pili huongeza chombo kingine cha kusubiri amri zilezile.

Kundi la tatu ni modi za mwanga na rangi, kama ENBSeries, ambazo hupitisha kila fremu katika hesabu za ziada: vivuli laini, ukungu wa mbali, mng'ao wa maji. Hizi ndizo hulemea prosesa ya michoro yenyewe, na kwa nadharia kadi ya pili ingesaidia. Lakini baadhi ya hesabu hizo hutegemea fremu iliyotangulia, na modi huingia kati ya mchezo na kadi kwa namna ambayo watengenezaji wa SLI na CrossFire hawakuipangia. Matokeo yaliweza kuwa picha kumetameta, vivuli kupotea au faida ndogo.

Toleo la kwanza la Skyrim lilikuwa pia na mipaka yake ambayo kadi yoyote haikuweza kuivunja. Lilikuwa programu ya biti 32, hivyo halikuweza kutumia zaidi ya GB 4 za kumbukumbu hata kwenye kompyuta yenye GB 16. Modi zilipozidi, mchezo ulizimika ghafla. Wachezaji wengi walidhani kadi yao ni dhaifu, kumbe programu ndiyo iliyofika mwisho wa nafasi yake. Vilevile mwendo wa vitu katika mchezo huo ulifungamanishwa na fremu 60 kwa sekunde. Ukizidi hapo, vyombo mezani huweza kuruka vyenyewe. Kwa mchezaji aliyekwisha kufika 60, nguvu ya ziada haikuwa na pa kwenda, isipokuwa kwenye skrini yenye pikseli nyingi zaidi.

Skyrim Special Edition, iliyotoka Oktoba 2016, ilikuwa programu ya biti 64 na iliondoa kikomo cha GB 4. Kwa wachezaji wengi badiliko hilo la programu lilipunguza kuzimika kwa mchezo kuliko ambavyo kadi ya pili ingeweza kufanya.

Fremu zisizolingana

Idadi ya fremu kwa sekunde ni wastani, na wastani huficha mambo. Fremu 60 zikitoka kwa nafasi sawa, kila moja hukaa milisekunde 16.7. Kadi mbili zinapochora kwa zamu, fremu zinaweza kutoka kwa jozi: moja baada ya milisekunde 5, nyingine baada ya 28. Wastani ni uleule, lakini macho huona mwendo unaokwamakwama, karibu na ule wa fremu 30 au 40.

Tatizo hili lilijulikana kwa wachezaji kwa miaka kadhaa kabla ya kupimwa vizuri. Mwaka 2013 Nvidia ilitoa zana iitwayo FCAT iliyoonyesha muda wa kila fremu inavyofika kwenye skrini, na mwaka huohuo AMD ilibadilisha programu endeshi ya kadi zake ili kupanga nafasi kati ya fremu za CrossFire. Hali iliboreka, lakini kadi moja iliendelea kutoa mwendo ulio sawa zaidi.

Kutegemea msaada wa programu

Kadi mbili hazifanyi kazi pamoja katika kila mchezo. Katika SLI, Nvidia iliandaa profaili, yaani maelekezo maalumu kwa kila mchezo, ndani ya programu endeshi. Mchezo usio na profaili ulitumia kadi moja tu, na ya pili ikakaa bure. Profaili hutengenezwa kwa mchezo kama ulivyotoka kiwandani. Haiandaliwi kwa ajili ya mchanganyiko wa modi 200 uliopangwa na mchezaji mmoja.

DirectX 12, iliyotoka pamoja na Windows 10 mwaka 2015, ilihamishia kazi hiyo kwa watengenezaji wa michezo. Mchezo wa Ashes of the Singularity wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa hata kadi ya AMD na ya Nvidia zingeweza kufanya kazi pamoja. Lakini kazi ya kuandika programu kwa ajili ya wachezaji wachache wenye kadi mbili ilikuwa ghali, na studio nyingi hazikuifanya.

Kampuni za kadi nazo zilirudi nyuma. GeForce GTX 1060 ya mwaka 2016 ilitoka bila SLI. Radeon RX 5700 ya mwaka 2019 ilitoka bila CrossFire. Katika kadi za GeForce RTX 30 za mwaka 2020 ni RTX 3090 pekee iliyokuwa na kiunganishi cha NVLink, na Nvidia ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2021 haitaongeza profaili mpya za SLI kwa kadi za RTX 20 na za kabla yake. RTX 4090 ya mwaka 2022 haikuwa na kiunganishi hicho.

Umeme, joto na nafasi

Gharama ya kadi ya pili haiishii kwenye bei yake. Sloti ya PCI Express hutoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 huongeza wati 75 na wa pini 8 wati 150. Pawa saplai iliyotosha kadi moja huenda isitoshe mbili, au isiwe na nyaya za kutosha. Radeon R9 295X2, yenye prosesa mbili za michoro, ilikadiriwa kutumia wati 500 na ilipozwa kwa maji.

Kadi zikikaa karibu karibu, ya juu huvuta hewa iliyokwisha kupashwa joto na ya chini. Kadi inapofika kikomo cha joto hupunguza kasi yake yenyewe, na feni hupiga kelele zaidi. Ubao mama nao lazima uwe na sloti mbili zinazofaa: SLI ilihitaji angalau njia 8 za data kwa kila kadi, na baadhi ya mbao za bei nafuu hazikuwa nazo.

Kupima kabla ya kununua

Uamuzi huwa rahisi pale kompyuta inapopimwa ikiwa na modi zote, katika eneo la mchezo lililo zito. Programu kama MSI Afterburner huonyesha kwenye skrini matumizi ya prosesa ya michoro, kumbukumbu ya kadi na prosesa kuu wakati mchezo ukiendelea. Matokeo husomwa hivi:

- Prosesa ya michoro ikiwa karibu na asilimia 100 na kumbukumbu yake haijajaa, nguvu ya kuchora ndiyo inayopungua. Hali hii pekee ndiyo ambayo kadi ya pili ingeweza kusaidia, mradi mchezo unaikubali.
- Kumbukumbu ya kadi ikijaa na mchezo ukiganda mara kwa mara, dawa ni tekstura ndogo zaidi au kadi moja yenye kumbukumbu kubwa.
- Prosesa ya michoro ikiwa asilimia 60 au 70 na fremu bado ni chache, prosesa kuu ndiyo inayochelewesha. Dawa ni kupunguza vivuli, nyasi na skripti, au kubadili prosesa.
- Mchezo ukizimika ghafla bila dalili ya kulemewa, chanzo huwa mara nyingi ni modi zinazogongana au kikomo cha programu.

Kipimo kingine kisicho na gharama ni kushusha pikseli za mchezo, kwa mfano kutoka 1920 × 1080 hadi 1280 × 720. Pikseli hupungua kwa zaidi ya nusu. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Zisipoongezeka, kadi ya pili haitazibadilisha.

Kulinganisha na kadi moja mpya

GeForce GTX 970, iliyotoka Septemba 2014, inaonyesha jinsi hesabu ilivyobadilika. Kadi hiyo ina GB 4 na ilikadiriwa kutumia wati 145. Januari 2015 Nvidia ilieleza kwamba kumbukumbu hiyo imegawanyika: GB 3.5 za kasi na GB 0.5 zilizo polepole zaidi. Mwaka 2016 ilitoka GTX 1070 yenye GB 8 na makadirio ya wati 150.

Mwenye GTX 970 moja alikuwa na njia mbili. Akiongeza ya pili, alipata nguvu ya kuchora zaidi katika michezo yenye profaili, akabaki na GB 4 zilezile, na matumizi ya kadi yakafika wati 290. Akiiuza na kununua GTX 1070, alipata kumbukumbu maradufu na nguvu zaidi katika kila mchezo, kwa karibu umeme uleule. Kwa mchezo uliojaa tekstura za modi, njia ya pili ilitatua tatizo ambalo ya kwanza haikuligusa. Kadi ya pili ilibaki na maana kwa mtu mwenye kadi iliyo kubwa kuliko zote tayari, skrini ya pikseli 3840 × 2160 na mchezo unaokubali SLI.

Matumizi mengine ya kadi ya pili

Kadi mbili bado hutumika nje ya michezo. Programu za kutengeneza filamu na michoro ya pande tatu, kama Blender, zinaweza kugawa kazi kati ya kadi kadhaa, na katika kazi za akili bandia modeli kubwa huweza kugawanywa katika kumbukumbu za kadi mbili au zaidi.

Katika michezo, kadi ya pili imerudi kwa kazi ndogo zilizotengwa. Programu ya Lossless Scaling huweza kuitumia kuzalisha fremu za kati wakati kadi kuu ikichora mchezo. Mwaka 2025, kadi za GeForce RTX 50 zilipotoka bila uwezo wa kuendesha PhysX ya biti 32, baadhi ya wachezaji waliweka kadi ya zamani kando ya mpya ili michezo yao ya miaka ya nyuma iendelee kufanya kazi vizuri. Katika matumizi hayo kadi hazichori fremu kwa zamu, kila moja ina kazi yake.

Tazama pia

- Kompyuta
- Kumbukumbu ya kompyuta
- Mchezo wa video
- Nvidia